Mbio za Vigari vya Rimoti: Nani Aanze Mbele, na Fedha Zatoka Wapi?



Mama mmoja, mzaliwa wa Mji wa Kale Mombasa ambaye sasa anakaa Satellite, upande wa Riruta huko Nairobi, ametuandikia barua ndefu. Anasema likizo iliyopita wazazi wa mtaani kwao waliwaandalia watoto mbio za vigari vya rimoti kwenye kiwanja kitupu cha udongo mwekundu. Watoto walikuwa kumi na watano. Kila mzazi alitoa shilingi 200, zikatimia 3,000, ikakubaliwa kwamba mshindi azichukue zote. Mbio zikawa za mtoano, wawili kwa wawili: anayeshindwa mara moja hukaa kando. Mwanawe wa miaka minane, ambaye wiki nzima alikuwa akilala na kigari chake kitandani, kilimpindukia kwenye kona ya kwanza, akatoka kabla mama hajamaliza kikombe cha chai. Aliyeshinda ni kijana mwenye kigari kilicholetwa kutoka Dubai, ambacho thamani yake yaweza kununua vile vingine vyote. Tangu siku hiyo akina mama wawili hawasalimiani. Sasa likizo nyingine yaja, watoto wanadai mbio, na mama huyu anauliza mambo mawili: zile fedha zilikuwa halali? Na mbio zipangwe vipi zisizae fitina?

Huenda wapo watakaosema kuwa sheikh hana haja na vigari vya watoto. Sisi twaona haja ipo, tena kubwa. Wazee wetu Lamu hushindanisha punda na majahazi katika siku za Maulidi, na hakuna aliyewaona wamepungukiwa na dini kwa hilo. Mashindano yana mlango wake kamili katika vitabu vya fiqhi. Aliyesoma Minhaj ya Imam Nawawi atakumbuka kuwa mlango huo umo, na kwamba masharti yake ni yale yale ambayo wazazi wa Satellite waliyasahau: pa kuanzia pajulikane, pa kumalizia pajulikane, washindani watajwe, kila mmoja awe na uwezekano wa kushinda, na kinachoshindaniwa kiwe wazi tangu mwanzo.

Lile sharti la uwezekano wa kushinda tuliangalie vizuri, kwa maana ndilo roho ya swali la pili. Imepokewa na Ibn Umar (RA), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (SAW) aliwashindanisha farasi wa Madina kwa makundi mawili. Farasi waliokuwa wameandaliwa, yaani waliolishwa wakanenepa, kisha wakapunguziwa chakula na kufunikwa nguo mpaka jasho likawakausha miili, walikimbia kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, masafa ambayo mmoja wa wapokezi aliyakadiria kuwa maili tano au sita. Farasi ambao hawakuandaliwa walikimbia kutoka hapo Thaniyyatul Wadaa hadi msikiti wa Bani Zuraiq, kiasi cha maili moja. Na Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana.

Tazameni mpango huo. Hakuna aliyechukua farasi aliyeshinda nyumbani akila majani akampambanisha na farasi wa mazoezi, kisha akasema atakayetangulia ndiye bora. Kila kundi lilipewa njia yake na masafa yanayolingana na nguvu zake. Kigari cha Dubai ni farasi aliyeandaliwa. Vile vya duka la pembeni ni farasi wa kawaida. Kuviweka pamoja katika mtoano ni kumtangaza mshindi kabla ya kipenga.

Na tusidhani hekima hii imewahusu farasi peke yao. Mbio za magari za Safari, ambazo zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ziliyagawa magari kwa bei yake ya dukani: gari la bei ndogo likashindana na la bei ndogo, la bei kubwa na mwenzake. Wale hawakuwa wakisoma Minhaj, lakini waliiona shida ile ile wakafika karibu na jawabu lile lile. Hata kwenye uwanja wa farasi wa Ngong, ambao hauko mbali na Satellite, farasi hodari hubebeshwa uzito zaidi ili wenzake wapate nafasi. Kamari inayochezwa pale hatuikubali, wala hatumshauri mzazi kumpeleka mtoto akaione. Twaeleza tu kwamba hata wao wametambua kuwa mbio zisizolinganishwa hazina ladha.

Tuje kwenye fedha, maana hili halina mzunguko mwingi. Kila mzazi alitoa mali yake akijua kwamba ama ataipoteza yote ama atachukua ya wenziwe. Hiyo ndiyo sura ya kamari iliyokatazwa katika Suratul Maidah, aya ya 90. Nia njema haiibadilishi, wala umri wa watoto, wala udogo wa shilingi 200. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameeleza kuwa mali ikitoka kwa washindani wote haifai ila aingie kati mshindani wa tatu ambaye hakutoa kitu, naye awe na uwezo wa kweli wa kuwashinda. Naye huitwa muhallil. Tena yote hayo ni katika farasi, ngamia na mishale na yanayofanana navyo, kwa kuwa ndivyo Hadithi ilivyovitaja. Katika michezo mingine wanavyuoni wamekhitilafiana. Njia ya salama kwa wazazi ni hii: kiingilio kikusanywe kwa ajili ya gharama tu, yaani maji ya kunyunyizia vumbi, mbao za vilima, umeme wa kuchajia, vitafunio. Zawadi itoke nje ya mfuko huo, iwe hiba ya mtu asiyeshindana wala asiye na mtoto katika mbio, mathalani babu au mwenye duka, naye aitoe kwa ridhaa yake. Hatupendi iwe pesa. Mpira, au seti ya matairi, au kitabu, vyamtosha mtoto.

Ama zile 3,000 zilizokwisha kuchukuliwa, zirejeshwe, kila mzazi 200 zake. Baba wa kijana aliyeshinda asione haya, na wanaorudishiwa wasimcheke. Twamuomba mama aliyetuandikia awe wa kwanza kwenda mlangoni kwa jirani yake na kutoa salamu, ingawa yeye ndiye aliyekosewa. Sisi twalihesabu hilo kuwa zito kuliko fedha.

Sasa mpango wenyewe. Tumewauliza vijana wanaoujua mchezo huu, na tumesoma namna unavyoendeshwa huko ulikokomaa. Mashindano ya dunia ya vigari vya umeme vya njia mbaya, vile vya moja ya kumi ya ukubwa wa gari la kweli, yalifanyika mara ya kwanza mwaka 1985 huko Del Mar, California. Vile vikubwa zaidi vya moja ya nane, vyenye injini za mafuta, fainali yao ya dunia huchukua saa nzima. Lakini hata huko hawaanzi kwa kumtoa mtu. Kila mmoja hupewa raundi kadhaa za kupimwa, na katika raundi hizo mara nyingi vigari haviachiliwi kwa pamoja bali kimoja baada ya kimoja, kila kimoja na saa yake, kama magari ya Safari yanavyoachiliwa kwa kupishana. Aliyepinduka raundi ya kwanza anayo ya pili. Baadaye hupangwa katika fainali kwa viwango: walio chini hukimbia kwanza, na mshindi wao hupanda kushiriki fainali ya juu yake.

Ubaya wa mtoano ni hesabu. Kwa watoto kumi na watano, mmoja hupita raundi ya kwanza bila mpinzani na saba huondolewa baada ya mbio moja tu. Karibu nusu ya watoto wamevaa, wamechaji betri, wamesubiri, kisha wamecheza dakika mbili. Watakaa juani wakitazama wengine, na mtoto asiye na kazi hutafuta kazi, nanyi mnajua ni kazi gani.

Badala yake, wagawanyeni makundi matatu ya watano watano. Kila kundi likimbie dakika tatu, na dakika tano ziwe za kubadilishana na kurekebisha. Kundi moja ni dakika nane. Raundi ya makundi matatu ni dakika 24. Raundi nne ni saa moja na dakika 36. Ongezeni fainali tatu za dakika nane nane, jumla yawa saa mbili kamili, na kila mtoto, hata aliye wa mwisho, ameshika rimoti mara tano. Mkianza saa tatu asubuhi mtamaliza saa tano. Weka nusu saa nyingine kwa yale yasiyokosekana, waya uliokatika na mtoto aliyekwenda msalani, bado mtakuwa mmekunja mkeka kabla ya Adhuhuri, ambayo Nairobi huingia kati ya saa sita na robo na saa saba kasorobo kwa kufuata mwezi. (Wageni kutoka Mombasa wasisahau kuwa jua la Nairobi huchelewa kiasi cha dakika kumi na moja nyuma ya la kwetu, wasije wakaswali kwa saa ya nyumbani.)

Kwa nini dakika tatu, na si tano kama wanavyofanya wakubwa? Kwa sababu ya betri. Vigari vingi vya dukani huenda robo saa au pungufu kwa chaji moja, na kuchaji tena kwaweza kuchukua saa kadhaa. Mbio tano za dakika tatu ni dakika kumi na tano. Mpango uliotungwa kwa kufuata betri ya kigari cha Dubai utamwacha mtoto wa maskini amesimama katikati ya uwanja raundi ya tatu. Pimeni kwa betri iliyo dhaifu kuliko zote, na ikiwa hata hizo dakika tatu hazifiki, fanyeni mbili. Na hapa neno kwa akina mama hasa: zile betri bapa za lithiamu zilizomo katika vigari vya bei kubwa zaweza kushika moto zikichajiwa vibaya. Zichajiwe nje, juu ya sakafu ya saruji au tofali, kwa chaja yake yenyewe, na mtu mzima akiwa hapo. Zisichajiwe usiku watu wamelala, wala juu ya zulia.

Makundi yachanganywe upya kila raundi, kwa kura. Kura ni jambo la Sunna. Mtume (SAW) alikuwa akitaka kusafiri hupiga kura baina ya wakeze. Kupiga kura kujua nani atangulie ni uadilifu. Kupiga kura kujua nani achukue mali ya mwenziwe ni kamari. Watoto wafundishwe tofauti hiyo papo hapo uwanjani, itawakaa.

Lakini kabla ya kura chungulieni chini ya vigari. Vingi vya bei nafuu, hasa vya zamani, hutumia redio ya megahezi 27, na viwili vyenye masafa mamoja vikikutana, rimoti moja huendesha vyote viwili. Mtoto ataona kigari chake kinakwenda kushoto yeye amekigeuza kulia, na atalia kwamba amerogwa. Andikeni masafa ya kila kigari kwenye daftari, na wenye masafa yanayogongana wasiwekwe kundi moja. Vile vipya vya gigahezi 2.4 havina tabu hiyo.

Kuna jambo la nafasi ya kuanzia. Katika njia nyembamba ya udongo, anayeanza mbele ana nusu ya ushindi, kwa kuwa wa nyuma hula vumbi na kugongana kwenye kona ya kwanza, kama ilivyomtokea mtoto wa barua hii. Yapo mashindano makubwa ya mwaliko huko Marekani, yaitwayo Reedy, ambapo nafasi huzungushwa: aliyeanza mbele leo huanza nyuma mbio ifuatayo, mpaka kila mtu ameonja mbele na nyuma. Twaupenda mpango huo kuliko mingine yote kwa watoto. Mkiwa watano katika kundi, mtoto asianze nafasi moja mara mbili katika raundi nne. Mshindi wa kila mbio apewe alama tano, wa pili nne, hadi wa tano apate moja. Kisha, na hili ndilo la huruma, kila mtoto afutiwe raundi yake mbaya kuliko zote, zihesabiwe tatu tu. Kupinduka mara moja kusimharibie siku nzima.

Na kile kigari cha Dubai? Vikiwa viwili vitatu vya aina hiyo, vipewe kundi lao, kama farasi wa Hafyaa. Kikiwa kimoja, kianze nyuma ya wote kila mara, tena sekunde kumi baada yao. Baba mmoja ametushauri kifungwe mfuko wa mchanga, kama farasi wa Ngong. Hatukubali, kwa kuwa mota yaweza kuungua, na mali ya mtoto ni mali. Kijana huyo asionewe. Hakukosa kwa kuwa na kigari kizuri, waliokosa ni waliopanga.

Yupo mtu mmoja katika mbio hizi ambaye hatajwi akashangiliwa, naye ni anayekiinua kigari kilichopinduka. Katika mashindano yaliyopangika, waliomaliza kukimbia ndio husimama kwenye kona kuwainulia wa kundi linalofuata, na asiyesimama hupunguziwa matokeo yake. Twasema sheria hii isiachwe hata kama mtaacha nyingine zote. Mtoto aliyeshindwa sasa hivi, machozi bado machoni, anakwenda kukiweka sawa kigari cha yule aliyemshinda. Kundi la watano liwape watu watano kwenye kona tano, na madereva wasimame mahali palipoinuka, juu ya mbao au ngazi, wasikimbie kando ya vigari, kwani ndivyo vidole vinavyokanyagwa.

Wahesabuji wa mizunguko wawe akina mama, kila mmoja na mtoto mmoja asiye wake, na karatasi ya kutia vijiti. Aliyeandika kwa mwanawe hataaminiwa hata akiwa mkweli kama mizani.

Mabinti nao wasiachwe nyuma kushika vitafunio. Bi Aisha (RA) alishindana mbio na Mtume (SAW) akamshinda. Baada ya miaka, mwili wake ulipoongezeka, akashindwa, na Mtume akamwambia kwa mzaha kuwa hii ni kwa ile. Rimoti haihitaji nguvu za mkono wala haivunji stara. Iwapo wazazi watataka mabinti wakimbie kundi lao, hilo ni sawa, mradi waanze saa ile ile ya mapema na kwa udongo ule ule, wasipewe uwanja wakati jua la utosi limekwisha kuuchoma na njia imekwisha chimbuka mashimo.

Wakilingana alama, je? Mwaka 1973 mbio za Safari zilimalizika kwa madereva wawili, Shekhar Mehta na Harry Källström, kuwa na adhabu sawasawa, pointi 406 kila mmoja, baada ya siku nyingi za vumbi na matope. Alipewa ushindi Mehta, kwa kuwa sheria ilikwisha sema kwamba kwenye sare atangulizwe aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Sheria ilikuwapo kabla ya magari kuondoka, ndiyo maana ilikubalika. Nanyi andikeni yenu kabla: mathalani, atazamwe nani alifanya mizunguko mingi katika raundi iliyofutwa. Ikiwa bado wako sawa, basi wote wawili ni washindi, na mwenye kutoa hiba atafute mpira wa pili. Karatasi ya sheria isomwe kwa sauti mbele ya watoto na wazazi kabla ya kigari cha kwanza kuwekwa chini, na isibadilishwe baada ya hapo hata neno.

Yabaki mvua. Udongo mwekundu wa Riruta ukinyeshewa hushika tairi kama unga wa ngano, na maji yakiingia kwenye vigari vya dukani huviua. Mbio zisipangwe mwezi wa Aprili. Mvua ikiwajia ghafla, raundi zilizokamilika kwa makundi yote matatu ndizo zihesabiwe, na ile iliyokatika kati ifutwe kwa wote, hata kwa yule aliyekuwa akiongoza.